Pesa ya Miwa: Kutoka Shamba la Muhoroni Hadi Kwa Simu Yako

Ukishuka matatu Muhoroni wakati kiwanda kinasaga, pua ndo inakukaribisha kwanza. Kuna harufu tamu, nzito, kama sukari iliyoungua kidogo ikachanganywa na unga uliolala ukiumuka. Hiyo ni molasi. Wenyeji wenyewe wala hawaisikii tena. Ukiwauliza, wanakuangalia wakishangaa, kisha wanacheka: "Hiyo ni harufu ya pesa."

Tulienda Muhoroni kwa sababu ya swali moja ambalo wateja wetu wa maeneo ya miwa wametuuliza mara nyingi, kwa simu na kwa wakala. Swali lenyewe ni hili: "Pesa ya miwa iliingia kwa simu yangu. Nimeona meseji. Sasa mbona imeisha na hakuna kitu nimefanya?"

Ni swali la haki. Na jibu lake halianzii kwa simu. Linaanzia shambani, linapitia kiwandani, linafika mpaka kwa chupa, mkate na ofisi ya ushuru, ndipo linarudi kwa hiyo meseji yako. Tufuatane.

Wenzetu wana zabibu, sisi tuna miwa

Majirani zetu Watanzania wanajivunia zabibu ya Dodoma. Ni zao la nchi kavu, linavunwa mara mbili kwa mwaka, na kutoka hapo inapatikana mvinyo unaouzwa Dar es Salaam na kwingineko. Hapa Kenya kuna mashamba machache ya zabibu upande wa Naivasha, lakini tukisema ukweli, mvinyo haujawahi kulisha Wakenya wengi.

Zao ambalo limetufanyia kazi hiyo ni muwa. Kama vile zabibu inavyokamuliwa ikatoa mvinyo, na kule Italia maganda yanayobaki yakapikwa tena kuwa pombe kali, ndivyo muwa wa Muhoroni unavyofanya. Unakamuliwa ukatoa sukari, halafu kinachobaki kinapikwa tena kikawa spiriti. Zao moja, viwanda viwili. Tofauti ni kwamba mtu wa Muhoroni aliyepanda huo muwa mara nyingi hajui hiyo safari ya pili inafika wapi.

Kutoka Mamboleo kuelekea mashariki

Ukitaka kuelewa historia ya sukari ya Kenya, panda gari hapo Mamboleo, Kisumu, uelekee mashariki. Mbele kidogo unafika Miwani. Si miwani ya macho, ni jina linalokutajia zao lenyewe. Hapo ndipo kiwanda cha kwanza cha sukari nchini kilipojengwa mwaka 1922. Siku hizi kimenyamaza.

Unaendelea, Kibigori inapita, milima ya Nandi iko kushoto kwako kama ukuta, na pande zote mbili za barabara ni miwa tu. Unafika Chemelil, ambako kiwanda kilianza kusaga mwaka 1968. Ukisonga mbele unafika Muhoroni, mji wa reli, ambao kiwanda chake kilianza mwaka 1966, miaka mitatu tu baada ya Uhuru. Serikali mpya ilitaka nchi ijitosheleze kwa sukari, na ilitaka wananchi wa kawaida wapate zao la biashara. Nyanda hizi zikachaguliwa.

Safari haijakuwa rahisi. Kiwanda cha Muhoroni kiliwekwa chini ya mrasimu tangu mwaka 2001 kwa sababu ya madeni, na kikaendelea kusaga hivyo hivyo miaka na miaka. Mwaka 2023 miwa iliadimika hadi serikali ikasimamisha usagaji magharibi mwa nchi kwa miezi kadhaa ili miwa ikomae. Mwaka huo Kenya ilitengeneza sukari tani kama 470,000 hivi. Mwaka uliofuata, miwa ikiwa imekomaa na mvua imenyesha, ikapanda hadi zaidi ya tani 800,000. Mwezi Mei 2025 serikali ikakodisha viwanda vyake vinne kwa kampuni binafsi kwa miaka 30. Muhoroni ilienda kwa West Valley Sugar, na Chemelil ikaenda kwa Kibos Sugar.

Tunakumbusha haya kwa sababu kila mojawapo ya hayo mabadiliko mkulima huyaona mahali pamoja: tarehe ya meseji ya malipo. Kiwanda kikisimama, meseji inachelewa. Miwa ikiwa mingi kuliko mashine, trekta inachelewa kuja, na meseji inachelewa vilevile.

Siku ya malipo, mji mzima unaamka

Ukitaka kujua uchumi wa miwa ni mkubwa kiasi gani, usiangalie kiwanda. Kaa hapo stendi ya Muhoroni siku ambayo wakulima wamelipwa.

Saa mbili asubuhi foleni iko kwa wakala. Ikifika saa nne, wakala amemaliza keshi na anamtuma kijana kwa bodaboda akatafute nyingine. Mwenye duka la pembejeo amefungua mapema. Mama wa hoteli ameongeza sufuria ya pili ya samaki. Fundi wa trekta analipwa deni la mwezi uliopita. Wakata miwa, ambao hulipwa kwa kiasi wanachokata, wanamaliza madeni yao kwa kioski. Mhasibu wa shule anapigiwa simu na wazazi waliokuwa wamemkimbia.

Hata mpira wa nchi hii umekula miwa. Chemelil Sugar ilicheza ligi kuu miaka mingi, Muhoroni Youth ikafika huko, na Sony Sugar ya Awendo ikachukua ubingwa mwaka 2006. Pesa ya miwa ikiyumba, na timu zinayumba.

Kinachobaki chini

Sasa turudi kwa ile harufu.

Muwa ukifika kiwandani unapimwa kwenye mizani, unakatwakatwa, unakamuliwa. Makapi makavu hayatupwi. Yanachomwa kwenye tanuru kupata mvuke wa kuendesha mashine. Maji ya muwa yanasafishwa na kuchemshwa hadi chembe za sukari zijitengeneze. Sukari inatolewa, na chini kunabaki uji mweusi, mzito, ambao hautoi sukari tena. Hiyo ndo molasi. Kwa kila tani 100 za miwa, molasi ni tani tatu au nne hivi.

Hapo Muhoroni, karibu kabisa na kiwanda cha sukari, kuna kampuni inayoitwa Agro-Chemical and Food Company, iliyoanzishwa mwaka 1978. Kazi yake ni kuchukua hiyo molasi. Inachanganywa na maji, inatiwa chachu, inaachwa ichachuke, halafu inachemshwa. Mvuke ukipozwa unakuwa spiriti.

Hiyo spiriti inaenda wapi? Sehemu inaenda kwa watengenezaji wa vinywaji vikali. Sehemu inaenda viwanda vya dawa, rangi na manukato. Mwaka 2020 korona ilipoingia na kila mlango ukawekewa chupa ya kusafisha mikono, ilikuwa ni spiriti kama hii iliyotafutwa kila mahali. Na wazee wanaoendesha magari Nairobi watakumbuka kwamba kuanzia mwaka 1983, kwa karibu miaka kumi, petroli ya jiji ilikuwa ikichanganywa na spiriti ya Muhoroni, kwa sababu nchi ilitaka kupunguza mafuta ya kuagiza.

Kampuni hiyo hiyo hutengeneza pia hamira. Kwa hivyo inawezekana kabisa kwamba mkate uliokula asubuhi uliumuliwa na muwa wa Nyando, wewe ukidhani mchango wa Muhoroni uliishia kwa sukari ya chai.

Tupige hesabu kidogo, ya juu juu tu. Mkulima mwenye ekari mbili akivuna tani 60, kiwandani zinatoa sukari tani tano au sita, na molasi kama tani mbili. Tani moja ya molasi hutoa lita 200 za spiriti na zaidi. Basi tani mbili ni lita 400.

Tangu mwisho wa Desemba 2024, ushuru wa vinywaji vikali hapa Kenya ni shilingi 10 kwa kila sentilita ya kileo halisi. Chupa ndogo ya mililita 250 yenye kileo asilimia 40 ina sentilita 10 za kileo halisi. Ushuru wake peke yake ni shilingi 100, bado hujaweka VAT, faida ya kiwanda, na faida ya duka. Sasa zile lita 400 za shamba letu la ekari mbili ni sentilita 40,000. Kama zote zingeishia kwa chupa za kunywa, serikali ingekusanya ushuru wa shilingi 400,000.

Soma tena. Shilingi 400,000 za ushuru, kutoka kwa kile kilichobaki chini baada ya sukari kutolewa.

Bila shaka spiriti yote haiendi kwa chupa, na gharama za kuipika si ndogo. Lakini hesabu hiyo inaonyesha kwa nini miwa si jambo la wakulima peke yao. Barabara, hospitali na mishahara ya walimu inakunywa kutoka kwa pipa hilo. Na inaonyesha pia kwa nini wakulima kwa miaka mingi wamekuwa wakisema bei ya muwa isiangalie uzani na sukari pekee, iangalie pia molasi na makapi. Muwa wao unaendelea kufanya kazi muda mrefu baada ya wao kulipwa.

Sasa tuone mkulima mwenyewe analipwaje.

Tani 60 ni pesa ngapi mkononi?

Tuchukue bei rahisi kwa hesabu, shilingi 5,000 kwa tani. Bei halisi hubadilika, kwa hivyo weka ya kwako. Huu ni mfano wa ekari mbili:

- Tani 60 kwa shilingi 5,000: 300,000
- Toa kukata, kupakia na kusafirisha: 70,000
- Toa kulimiwa, mbegu na mbolea zilizochukuliwa kwa mkopo: 90,000
- Inayobaki: 140,000

Shilingi 140,000 ikiingia kwa simu siku moja, ni pesa ya kukufanya ukae chini kwanza. Lakini miwa ya kupandwa upya hukaa shambani mwaka mmoja na nusu, wakati mwingine hata zaidi. Gawanya 140,000 kwa miezi 18.

Unapata kama shilingi 7,800 kwa mwezi.

Hapo ndo penye jibu la lile swali. Pesa ya miwa inaonekana kama bahati, kumbe ni mshahara wa miezi 18 uliolipwa kwa siku moja. Ukiutumia kama bahati, unaisha wiki ya kwanza. Na miezi 17 iliyobaki haina mshahara.

Mama aliyeuza miwa pamoja na laini

Huko Muhoroni, upande wa kuelekea Koru, tulikaa na mama mmoja ambaye ana ekari mbili kama za mfano wetu. Ametuomba tusitaje jina lake. Alikubali tueleze yaliyompata kwa sababu, alisema, "Si mimi peke yangu. Hapa kwetu tuko wengi, ni vile watu wanaona haya."

Miaka michache iliyopita, shule ikifunguliwa, binti yake alirudishwa nyumbani. Karo na vitu vya bweni vilikuwa shilingi 32,000. Miwa ilikuwa shambani, ya kijani, imebakisha miezi saba hivi ikatwe. Hakukuwa na pesa nyingine.

Broka akaja. Kila kijiji cha miwa kina watu kama hao. Akatembea shambani, akashika muwa mmoja, akatikisa kichwa.

"Mama, hii bado ni majani. Lakini kwa sababu ni karo ya mtoto, nitakusaidia. Nakupa 80,000 leo, pesa ikitoka ni yangu."

Akakubali. Nani angekataa? Mtoto ameketi jikoni na sanduku lake.

Kisha broka akaongeza jambo moja. "Malipo yanaingia kwa simu yako. Sasa, mama, nitajuaje hutaniruka? Laini nibaki nayo, na ile PIN. Ni biashara tu."

Akampa. Alinunua laini nyingine ya kupigia simu, mtoto akarudi shule, akajaribu kusahau.

Miezi ikapita, miwa ikakatwa, malipo yakaingia. Broka akatoa zake zote, 140,000 na ushei. Laini akairudisha, kama alivyoahidi. Ni baada ya hapo, alipoanza kupokea meseji za kudaiwa, ndipo mama aligundua kwamba miezi ile yote kuna mtu alikuwa amekopa kwa simu kwa kutumia jina lake. Mkopo haukuwa mkubwa, 6,500 na riba. Lakini haukulipwa, na jina likapelekwa CRB. Alipokwenda kwa ushirika kuomba mkopo wa mbolea, akaambiwa ana deni mahali.

"Nilikuwa nimeuza miwa," alituambia. "Sikujua nimeuza na jina langu."

Tulipiga naye hesabu mezani, kwa nyuma ya daftari la binti. Alihitaji 32,000. Akauza 140,000 kwa 80,000. Alipoteza 60,000 ili kupata 32,000.

Siku hizi yuko kwenye chama cha kina mama kinachokopesha kwa riba ya shilingi tano kwa kila mia kwa mwezi. Si riba ndogo. Lakini angekopa hiyo 32,000 hapo kwa miezi saba, riba ingekuwa 11,200. Angelipa 43,200 na kubaki na 96,800. Kwa broka, baada ya karo, alibaki na 48,000. Tofauti ni shilingi 48,800, karibu sawa na kinachobaki kutoka shamba la ekari moja kwa mwaka mzima.

Alinyamaza kidogo akiangalia namba. Kisha akasema, "Na hii hesabu haikuwa ngumu."

Mambo sita ya kufanya na pesa ya miwa

Haya hatukuyatoa kwa kitabu. Tumeyakusanya kutoka kwa wakulima, mawakala na timu yetu ya huduma kwa wateja. Yanafaa pia kwa mpunga wa Ahero, kahawa ya Koru, majani chai ya Nandi, au pesa yoyote inayokuja mara moja kwa kishindo.

1. Laini ni kama kitambulisho chako. Usimpe mtu.

Laini imeandikishwa kwa jina lako. Kila kinachofanyika ndani yake, kwa rekodi kinaonekana umefanya wewe: mkopo, kutuma, kutoa. Anayekuomba laini na PIN kama dhamana hakuombi simu, anakuomba jina lako. Kama ulishawahi kumpa mtu, badilisha PIN leo, kisha omba taarifa ya miamala yako uone kulifanyika nini. Kama kuna mkopo usioutambua, piga simu kwetu mara moja. Usingoje mpaka ufike CRB.

2. Weka tikiti ya mizani.

Tani zako ziliandikwa siku ile trekta ilipopimwa. Meseji ya malipo ikiingia, kaa na tikiti, karatasi ya makato na simu yako. Tani mara bei, toa kila kato, ulinganishe na kilichoingia. Kuna kato hulielewi? Uliza kiwandani au kwa ushirika ukiwa na karatasi mkononi. Mtu mwenye karatasi husikilizwa.

3. Gawanya kabla hujatoa.

Siku hiyo hiyo, ukiwa bado umekaa, kabla hujaenda kwa wakala, gawanya pesa mara tatu: ya shamba (palizi na mbolea ya msimu ujao), ya karo, na ya kula kila mwezi. Ya shamba na ya karo zihamishe kwenye akiba ya simu, SACCO au benki, mahali ambapo mkono wako hauwezi kufika haraka. Ya kula igawanye kwa miezi, si kwa wiki.

4. Lipa kwa simu unapoweza.

Kila ukitoa keshi, kuna ada, na sisi ni kati ya wanaokata. Tunasema ukweli. Kutoa mara kumi kidogo kidogo kunakugharimu kuliko unavyodhani. Kama shule ina namba ya kulipia, lipa moja kwa moja. Kama duka la mbolea lina till, tumia till. Utabaki pia na meseji ya ushahidi, na njiani hutembei na pesa inayojulikana na kijiji kizima.

5. Siku ya malipo ni siku ya matapeli.

Wanajua kalenda ya miwa kuliko wewe. Utapigiwa simu: "Nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali nirudishie." Utapata meseji inayofanana na yetu lakini imetoka kwa namba ya kawaida. Usiangalie meseji, angalia salio. Kama kweli pesa imeingia kimakosa, mwambie aliyekupigia awasiliane na huduma kwa wateja ili irudishwe kwa njia rasmi. Na kumbuka: mfanyakazi wetu hatakuuliza PIN. Hata siku moja. Anayekuuliza si wetu.

6. Kabla ya kuuza miwa ikiwa bado shambani, andika mistari mitatu.

Mstari wa kwanza: nahitaji pesa ngapi hasa? Wa pili: miwa hii ikikomaa nitabaki na ngapi? Wa tatu: kukopa ninachohitaji tu kutanigharimu ngapi mpaka siku ya malipo? Ukishaandika hiyo mistari, bado ukiona kuuza kuna faida, sawa, ni mali yako. Lakini uza miwa. Usiuze laini.

Jambo ambalo simu haiwezi

Hatutaki kukudanganya. Simu haiwezi kufanya kiwanda kilipe mapema. Haiwezi kuleta trekta wakati miwa inakauka shambani, wala haiwezi kuamua bei ya tani. Sheria mpya ya Sukari iliyotiwa saini Novemba 2024 imerudisha Bodi ya Sukari ya Kenya na kuweka tozo ya kuendeleza sekta hii. Mambo ya bei, ya malipo kwa wakati na ya mgao wa molasi yatapiganiwa huko, na wakulima wenyewe kupitia vyama vyao. Kama wewe ni mkulima, huo mkutano wa ushirika unaouruka kila mara ndo mahali pa kusemea hayo.

Kile simu inaweza ni kidogo zaidi, lakini kiko mikononi mwako. Inaweza kukuonyesha kila shilingi iliyoingia na iliyotoka. Inaweza kuiweka mbali kidogo mpaka uihitaji. Inaweza kukataa kufunguka kwa mtu ambaye si wewe, mradi hujampa ufunguo.

Tulipokuwa tukiondoka, yule mama alitutoa mpaka barabarani. Trela la miwa likapita, limejaa mpaka linayumba, watoto wawili wakilikimbilia nyuma kuchomoa muwa mmoja. Tukamuuliza kama broka bado huja.

"Huja," akasema. "Mwezi uliopita alikuja. Nikamwambia, keti, kunywa chai. Nikatoa daftari." Akacheka. "Hakumaliza chai."

Miwa yake itakatwa mwaka ujao. Jina lake limetoka CRB, baada ya kulipa deni ambalo hakulila. Binti yuko chuoni, na akipiga simu nyumbani, jambo la kwanza anamuuliza ni, "Mama, laini yako iko wapi?"

Na wewe, yako iko wapi? Kama una swali kuhusu malipo ya mazao, taarifa ya miamala, au mkopo usioutambua, fika kwa wakala wetu aliye karibu au piga namba ya huduma kwa wateja. Na kama una jirani mwenye miwa shambani na karo ya kulipa, mtumie makala hii kabla broka hajafika.